Nimepandishwa cheo, sasa nabeba magodoro ya watu: niache kazi?

Swali limetoka kwa binti mmoja wa Kigoma mjini, nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo mama. Nina miaka 31, nafanya kwenye kampuni ya mikopo midogo hapa Kigoma. Nilianza kama afisa mikopo, mwaka jana wakanifanya msimamizi wa tawi, nina maafisa sita chini yangu. Wateja wetu wengi ni kina mama wa dagaa, Kibirizi na Ujiji. Wakichelewa marejesho tunaenda kubeba vitu, juzi tumebeba jiko la gesi na godoro. Usiku silali. Maafisa wangu wanasema mi mlaini, bosi wa kanda anasema tawi langu linashuka. Nataka niache kazi nifungue NGO ya kuwasaidia hao hao kina mama, niwe kiongozi mwenye utu na nifanye kazi yenye maana. Nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Jina lako silitaji, la kampuni ndo kabisa, we mwenyewe unaijua inatosha.

Nikupe jibu kwanza ndo tuongee: usiache kazi mwezi huu. Na sikwambii hivo kwa ile sababu ya wazazi ya kwamba ajira ngumu, ajira ngumu kweli ila hoja yangu siyo hiyo. Hapo ulipo umeshika kitu ambacho mwenye NGO hana, umeshika ratiba ya marejesho ya mamia ya watu. Mwenye NGO atawaita hao kina mama ukumbini siku tatu, soda na karanga, somo la ujasiriamali, nauli ya kurudia, picha ya pamoja, halafu jumatatu asubuhi afisa wako yuko mlangoni kwao na daftari. Sasa niambie nani kati ya hao wawili ana nguvu kwenye maisha ya yule mama. Ni wewe. Na ndo maana hulali, ungekuwa huna nguvu ungelala fofofo.

Ngoja nikusimulie langu maana na mimi niliwahi kubeba vya watu, tena kwa kalamu tu, bila hata kunyanyuka kitini.

Mi ni mtu wa Tabora. Mwaka 1998 nilikuwa karani wa hesabu kwenye chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, upande wa Urambo. Kama hujui tumbaku inavyokwenda nikupe kwa haraka: mkulima anachukua pembejeo kwa mkopo, mbolea, dawa, vitambaa vya kitalu, anapanda mvua zikianza, anavuna, anakausha kwenye bani kwa kuni nyiiingi (hiyo nayo ni kesi nyingine, miombo yetu imeishia humo), anafunga marobota, yanakuja sokoni yanapangiwa madaraja, kampuni inanunua, pesa inapitia chamani, sisi tunakata deni ndo tunampa kilichobaki. Sasa mikopo ile ilikuwa ya kundi. Mwenzako asipozalisha, au akiuza mbolea yake kwa mlango wa nyuma, deni lake linagawanywa kwenu mliozalisha. Ukijituma unamlipia mzembe, ndo ulikuwa mfumo.

Akaja mzee mmoja siku ya malipo, kalima vizuri, marobota kumi na moja, madaraja mazuri tu. Nikampa karatasi yake. Makato ya pembejeo zake, ushuru, halafu mstari wa "deni la kundi", chini kabisa kimebaki shilingi 4,200. Akaisoma pole pole na kidole. Akaigeuza nyuma. Aligeuza karatasi akaangalia upande wa nyuma mweupe, kama vile nimesahau kuandika huko, afu akairudisha mbele akasoma tena. Nyuma yake foleni inangoja.

Nikafanya nini? Nikatoa pochi nikampa elfu mbili yangu. Nilijiona mtu mzuri sana dakika ile. Akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akasema "asante mwanangu, ila hii siyo tumbaku yangu."

Imebidi nizeeke ndo nielewe alichosema. Mi nilitoa sadaka, ye alikuwa anauliza hesabu. Na hesabu ilikuwa mikononi mwangu, sadaka ilikuwa njia ya mimi kulala usiku. Hiyo NGO yako unayoiota, samahani nakwambia kama mwanangu, nusu yake ni elfu mbili ya kwangu.

Nilipotulia nikagundua kitu cha kijinga kabisa. Mkulima alikuwa anajua deni la mwenzake siku ya malipo, wakati sisi ofisini tulilijua toka pembejeo zinatoka stoo. Miezi yote ile liko kwenye leja, hatusemi, hakuna aliyetukataza kusema ila hakuna aliyetutuma. Kwaiyo msimu uliofuata nikaanza kuandika madeni ya kila kundi kwenye karatasi kubwa, nani kachukua mifuko mingapi, nabandika mlangoni pa ofisi, na mkutanoni naomba dakika kumi nasoma kwa sauti. Basi. Sikubadilisha sheria ya mkopo, sikuwa na uwezo huo. Lakini makundi yakaanza kukaguana yenyewe, wakamfuata shambani yule anayeuza mbolea, kuna kundi lilimtoa mtu wao mwezi wa kwanza kabla hajawazamisha. Malipo ya mwaka ule bado watu walilia ila hakuna aliyegeuza karatasi.

Nisikudanganye kwamba nilipongezwa. Kati ya majina niliyobandika kulikuwa na ndugu wa mkubwa mmoja pale chamani, nikahamishiwa stoo kuhesabu magunia. Nilikaa stoo msimu mzima nikinusa mbolea. Baadaye nikaenda kusoma maendeleo ya jamii, nikawa afisa wa kata, nikaja huko kwenu kwenye kazi za wakimbizi miaka kadhaa, sasa hivi nimestaafu niko Tabora nakaa na wasimamizi vijana kama nyie tunachambua kazi zao. Safari yote hiyo imeanzia kwenye karatasi ya mlangoni, haikuanzia siku niliyoacha kazi.

Turudi kwako sasa. Karatasi yako ya mlangoni ni ipi?

Mi nakisia, na uniambie kama nimekosea. Marejesho yenu ni ya kila wiki si ndio? Kampuni nyingi ni kila wiki, ratiba imetengenezwa makao makuu na mtu anayemfikiria muuza genge wa mjini, ambaye kila siku anauza. Haya, dagaa wa Tanganyika anavuliwaje? Usiku, kwa taa. Taa inamvuta dagaa aje juu. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima limewaka, taa haimvuti mtu, vipe, yaani boti za dagaa, vinalala ufukweni, wavuvi wanashona nyavu na kucheza bao. Kama wiki hivi kila mwezi hakuna mzigo wa maana. We umekulia hapo unalijua hili kuliko mimi, lakini nakuuliza, je ratiba yako inalijua?

Piga hesabu na mimi. Mama amechukua laki tatu, wiki kumi na mbili, riba 3.5% kwa mwezi (hiyo ndo kikomo Benki Kuu ilichowawekea nyie wakopeshaji wa daraja la pili, yaani msiopokea amana za watu, chini ya sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, na kama kampuni yenu inavuka hapo kwa kujificha kwenye ada za fomu sijui za nini, hilo nitalirudia). Miezi mitatu riba ni 31,500. Jumla 331,500, gawa kwa 12, rejesho 27,625 kila wiki. Wiki kumi na mbili ni siku 84, mwezi wa angani una siku 29 na nusu, maana yake ndani ya mkopo mmoja mbalamwezi itampitia kama mara tatu. Wiki tatu kati ya kumi na mbili afisa wako anagonga mlango wa mtu ambaye ziwa limemfungia. Halafu mnaandika "mteja msumbufu".

Sasa chukua hiyo hiyo 331,500 uigawe kwa wiki tisa za giza. Inakuja kama 36,800 na kitu. Rejesho limekuwa kubwa, wiki za mbalamwezi halipo kabisa, na kampuni haijapoteza hata senti. Unaona? Hapo hujamsamehe mtu deni, umeacha tu kugombana na mwezi.

ILA. Usikimbie kwa bosi na hesabu yangu, maana mi niko Tabora nakula asali, sijui kitu. Inawezekana kabisa nimekosea. Wapo kina mama wenye mtaji kidogo ambao wananunua wakati wa giza dagaa wamejaa, wanaanika, wanaweka gunia ndani, mbalamwezi ikifika bei imepanda ndo wanauza, kwao wao wiki ya mwezi mkubwa ndo ya neema na wiki ya giza ndo wanataka hela ibaki mkononi wanunue. Ukimpa huyo ratiba yangu umemuua. Na yupo mwingine hauzi dagaa kabisa, anauza chai na chapati kwa wavuvi, wavuvi wasipoingia ziwani yeye hana mteja. Wote watatu kwenu wameandikwa "biashara ya samaki" na wanalipa alhamisi.

Ndo maana nakwambia kazi ya huruma inaanza na kuuliza, na kuuliza kuna adabu yake. Hapo kwenu Kigoma mna mfano ambao dunia nzima inausoma na nyie mnaupita tu. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, binti wa miaka 26 aliyesomea ukatibu muhtasi, digrii hana, kaja kuangalia sokwe. Akaangalia sokwe miaka ishirini na zaidi. Mwaka 1986 akaenda kwenye mkutano Chicago, akasikia watafiti wenzake kila mmoja anaelezea misitu inavyoisha huko aliko, akatoka pale anaona kukaa porini anaandika daftari haitoshi, na alikuwa na miaka 52 wakati huo, kwaiyo wewe na 31 yako usiniambie umechelewa. Miaka ya 90 mwanzoni akapita juu ya Gombe na ndege ndogo, akaona hifadhi imebaki kama kisiwa cha kijani, milima yote ya vijiji kuzunguka iko uchi. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanza mradi wa TACARE vijijini huko. Na hapa ndo penyewe: lengo lao lilikuwa miti, lakini Watanzania waliotumwa kwenda kukaa na wanavijiji hawakwenda na hotuba ya miti, waliuliza nyie shida zenu nini. Watu wakataja chakula, afya, maji, shule za watoto. Sokwe hakutajwa. Wakaanzia hapo kwenye waliyotajiwa, miche ikaenda pamoja na zahanati na mikopo ya kina mama na ada za wasichana, na msitu wenyewe ukaja kupona kwa mlango huo. Mama wa watu amefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, yuko safarini Marekani anaendelea na mihadhara.

Nakutajia hilo kwa sababu moja. Angekuja na jibu lake mkononi (miti!) angepewa makofi mkutanoni na mche ungeliwa na mbuzi.

Kwaiyo kazi yako ya mwezi huu, kabla ya kuandika barua yoyote: chagua wateja kama ishirini waliochelewa, kaa nao mmoja mmoja, siyo kwenye kikundi maana kwenye kikundi mtu anaongea anachotaka mwenyekiti asikie. Usiulize "kwanini hulipi", hilo ni swali la polisi. Uliza wiki iliyopita ulinunua wapi, kwa nani, kwa bei gani, uliuza lini, ulibaki na nini. Andika tarehe. Chora na mwezi pembeni. Ukimaliza utakuwa na karatasi ambayo hakuna mtu makao makuu anayo.

Hiyo karatasi ndo unaenda nayo kwa bosi wa kanda. Usiende na machozi. Bosi wako anaulizwa na bosi wake namba, ukimpelekea huruma unampa mzigo asiojua pa kuuweka, ukimpelekea namba unampa kitu cha kusemea. Mwambie "tawi linashuka, ndio, linashuka hasa kwenye wiki hizi hapa, naomba vikundi viwili tu, miezi mitatu, ratiba ya giza, nikifeli nirudishe ya zamani." Vikundi viwili siyo tawi zima. Bosi anayekataa vikundi viwili basi tatizo lake siyo namba, na hapo umejua kitu kipya juu ya bosi. Mkumbushe na 2024, serikali ilivyofunga uvuvi ziwa Tanganyika toka 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumzike. Miezi mitatu ile tarehe zilijulikana kabla. Muulize tu kwa heshima, mikopo ya dagaa ya wiki kumi na mbili mliitoa hadi tarehe ngapi? Kama mliendelea kutoa mpaka mwezi wa nne mwishoni, basi mlikopesha watu kwenda ukutani na mkawasubiri hapo.

Sasa maafisa wako sita. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu umewataja mstari mmoja tu, na nimeshtuka. Umeandika kwa uchungu juu ya kina mama, juu ya wale unaowaongoza umesema tu wanakuona mlaini.

Mei 2015, Warundi walipokuja wengi kupitia Kagunga, watu maelfu kwenye kijiji kile kati ya mlima na maji, kipindupindu kikaingia, MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini, wanapumzishwa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya mabasi ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Nilikuwa na timu ya vijana wa kujitolea pale uwanjani. Kijana mmoja akamfokea mama mwenye mtoto mgongoni, kafoka vibaya, nami mbele za watu nikamsema kijana nikamtoa kwenye foleni, nikasema hapa hatufanyi kazi na watu wasio na utu. Jioni dereva ananiambia, mama, yule dogo hajala toka jana mchana, chakula cha wafanyakazi hakikufika na we hukuuliza. Sikuwa nimeuliza kweli. Nilikuwa nahesabu blanketi za wakimbizi moja moja, watu wangu mwenyewe sijawahesabu. Nilimfuata kesho yake nikamwomba radhi mbele ya wale wale niliomsemea mbele yao, na kwa mtu wa umri wangu si kazi ndogo, nilijikaza.

Hao sita wako wana tageti, si ndio? Rejesho lisipotimia wanakatwa? Wanatumia mafuta ya pikipiki yao au ya kampuni? Yule anayebeba godoro la mtu mchana kweupe, mtaani wanamwitaje, mke wake anasemwaje kisimani? Ukijua hayo utaelewa kwanini wanakuita mlaini: wanaona unawaonea huruma wateja kwa kutumia mishahara yao. Anza nao. Waite, waambie ukweli kwamba huwezi kuondoa tageti lakini unaweza kwenda nao mtaani siku za mgogoro badala ya kuwatuma. Nenda. Msimamizi anayekaa ofisini akitoa amri ya kubeba jiko na msimamizi anayesimama mlangoni akiona jiko linavyobebwa watatoa amri tofauti, hata wakiwa ni mtu yule yule.

Na ulaini siyo huruma, hilo tulimalize haraka. Ukigundua afisa anakula marejesho, yaani mama kalipa, hajapewa risiti, mwisho wa mwezi anaonekana anadaiwa, huyo unamfukuza. Hata kama ana watoto, hata kama analia. Anayelia mbele yako unamwona, yule mama anayelipa mara mbili hayupo chumbani, na wewe ndo umewekwa hapo kwa ajili ya asiyekuwepo chumbani. Mi nilishamwonea huruma mmoja wa namna hiyo nikamhamisha kijiji badala ya kumfukuza, akaenda kula huko alikohamia.

Najua utaniambia mbona Nyerere aliacha. Watu wakitaka kuacha kazi huwa wananitajia hilo, hasa hapa Tabora ambako kasoma na kafundisha, kila mtu anamchukulia kama babu yake. Ni kweli, Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, aliachia uwaziri mkuu akamkabidhi Kawawa, akaenda kuzunguka vijijini. Ila angalia alikoenda. Alirudi kwenye chama kile kile na watu wale wale, alichokiacha ni kiti. Wewe unachotaka ni kuwaacha hao kina mama mikononi mwa msimamizi mwingine atakayekuja baada yako, ambaye pengine analala vizuri tu, halafu urudi kwa mlango mwingine na fulana mpya.

Haya, kuna wakati wa kuondoka lakini, sitaki ukae hapo uoze. Kama kampuni inatoza zaidi ya kile kikomo, kama haina leseni, kama mteja hapewi nakala ya mkataba wake, kama unaagizwa kubeba vitu bila karatasi yoyote kwa mgongo wa kutisha watu, hiyo ni kausha damu yenye ofisi na feni, na jina lako kama msimamizi ndo litakuwa juu siku mambo yakiharibika. Andika leo, kwa mkono wako, vitu vitatu ambavyo hutafanya hata ukiamriwa. Weka ndani ya pochi. Ukiona umefanya kimoja na umejitafutia sababu, ondoka.

Ukiondoka nenda wapi? NGO nakuomba uifikirie mara mbili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, kwa barua moja tu ya kule, vijana wengi wenye sivii nzuri kuliko yako na yangu walirudi nyumbani na laptopu za ofisi zikakusanywa. Hela ya mtu mmoja aliye mbali siyo msingi wa kumjengea mama wa Kibirizi. Kwa ujuzi wako wa mikopo mi ningeangalia SACCOS, wanahangaika kweli kupata mtu anayejua hesabu na anayejua watu, au idara ya maendeleo ya jamii halmashauri, ile mikopo ya vikundi ya asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na shida yake kubwa kila mahali ni usimamizi, vikundi hewa, watu wa kufuatilia hakuna. Wewe kufuatilia ndo kazi yako. Ukitaka kusoma, Tengeru kule Arusha wana maendeleo ya jamii, na chuo kikuu cha ushirika cha Moshi kina tawi Kizumbi pale Shinyanga. Weka akiba ya miezi sita kwanza, usiende shule ukiwa na mkopo wa kampuni yako mwenyewe mgongoni, nimewaona wa hivo wawili.

Kingine kidogo. Usitegemee kupendwa. Ukibadilisha ratiba kuna mama atakwambia ya zamani ilikuwa nzuri. Afisa atakwambia unamwongezea kazi. Mimi stoo nilikaa miezi saba na hakuna mkulima hata mmoja aliyekuja kunisalimia, walikuwa shambani wanalima, na walikuwa sahihi.

Kwaiyo mbalamwezi inayokuja nenda Kibirizi saa kumi na mbili asubuhi. Usivae fulana ya kampuni, usibebe lile daftari la marejesho, nunua chai kwa yule mama wa chapati ukae hapo hapo kwenye benchi lake, angalia nani kaja na ndoo tupu, nani anafungua gunia la zamani. Kaa hadi saa tatu. Afu niandikie ulichoona, siyo unachofikiria, ulichoona.

Na lile godoro. Umeniandikia juzi kwaiyo bado liko stoo kwenu, na kulipiga mnada mtapata elfu ngapi, godoro lililolaliwa na watoto? Jiko mtabishana na bosi, ila godoro lirudishe kabla ya jumapili. Nenda mwenyewe, usimtume afisa, panda bodaboda ulishike kwa mkono, ukifika bisha hodi kwanza ungoje ukaribishwe.